Mwenye Njaa Apewe Fedha

Leo nataka tuzungumze juu ya namna ya kumsaidia mtu aliyekimbia vita au aliyefilisiwa na ukame, jambo linalowagusa mamilioni ya watu katika Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Tukitajiwa msaada wa dharura, wengi wetu tunaona malori, magunia yenye nembo ya shirika na foleni ndefu juani. Hoja yangu ni kwamba mahali pengi gunia lingepaswa kufikiriwa mwisho. Pale ambapo soko lingali hai, mwenye shida apewe fedha, apewe mapema, na asipangiwe anunue nini wala kwa nani. Najua wapo wasiokubaliana nami, na baadhi ya sababu zao zina uzito, kwa hiyo nitajitahidi kuzijibu badala ya kuzipita pembeni.

Tuanze na njaa yenyewe. Tumezoea kuamini kwamba watu hufa njaa kwa sababu chakula hakipo. Mwaka 1981 mchumi wa Kihindi Amartya Sen, ambaye mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa mara nyingi sivyo. Mmoja wa mifano yake ni njaa ya Wollo, kaskazini mwa Ethiopia, mwaka 1973. Mavuno ya nchi nzima mwaka ule hayakupungua sana. Katika mji wa Dessie, makao makuu ya jimbo hilo, bei ya nafaka haikupaa kama ambavyo ungetarajia mahali ambapo watu wanakufa. Tena kuna ushahidi wa chakula kutolewa Wollo na kupelekwa Addis Ababa na Asmara. Inashangaza, lakini ndivyo soko linavyofanya kazi. Mkulima aliyekosa mavuno alikosa chakula na kipato kwa mpigo. Mfugaji alilazimika kuuza mifugo iliyokonda kwa bei ya kutupa. Wote wawili walifika sokoni mikono mitupu, na mfanyabiashara hapeleki mtama kwa mtu asiye na cha kulipia. Anaupeleka kwa mwenye nacho hata kama yuko mbali. Laiti watu wa Wollo wangekuwa na fedha, malori yale yangekuwa yanaingia badala ya kutoka.

Miaka thelathini na minane baadaye jambo hilo lilipimwa kwa uchungu mkubwa nchini Somalia. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika maeneo mawili ya kusini, Bakool na Shabelle ya Chini. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limesimamisha kazi zake katika sehemu kubwa ya kusini tangu Januari 2010, na Al-Shabaab waliokuwa wakitawala huko waliyapiga marufuku mashirika mengi ya misaada. Malori ya chakula yakakwama, lakini fedha zilipita. Mashirika yalitumia mawakala wa hawala, wale wale ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifikisha fedha za Wasomali walioko ughaibuni kwa ndugu zao mijini na vijijini, na zaidi ya watu milioni moja wakafikiwa kwa njia hiyo. Mfanyabiashara wa Kisomali hakuhitaji semina ya kumfundisha namna ya kuagiza mchele na unga. Alihitaji wanunuzi. Walipopatikana, bidhaa zilifika, kupitia barabara na watu ambao hakuna shirika la kigeni lililokuwa na uwezo wa kuwatumia.

Sitasema kwamba fedha ziliwaokoa wote. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa kutokana na baa lile, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla halijatangazwa rasmi. Dalili za ukame zilikuwa zimeonekana miezi mingi nyuma. Baadhi ya wafadhili waliogopa kubanwa na sheria za Marekani dhidi ya ugaidi iwapo fedha zao zingeangukia mikononi mwa Al-Shabaab, na ndani ya mashirika yenyewe watu walikuwa wakibishana kama kweli Msomali wa kijijini anaweza kupewa fedha mkononi. Mabishano hayo yalikula muda ambao watoto hawakuwa nao. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaoliona suala hili kama tofauti ya mitindo ya kazi tu, na mimi nasema hapana, kuna watu waliolipa kwa maisha yao wakati sisi tukisitasita kuwaamini.

Gunia lenyewe nalo halifiki bure. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya chakula cha msaada cha Marekani, aliyekuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, imekuwa ikinunuliwa kwa wakulima wa Marekani, na sheria ikataka angalau nusu yake isafirishwe kwa meli zenye bendera ya Marekani. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilieleza mwaka 2007 kwamba gharama za usafirishaji na uendeshaji zilikuwa zikimeza zaidi ya nusu ya fedha za mpango wao mkubwa wa msaada wa chakula, na kwamba shehena iliweza kuchukua miezi minne hadi sita kufika. Ukame hausubiri miezi sita. Mkulima na mwenye meli wana haki ya kutetea biashara zao, lakini biashara hizo zisihesabiwe kuwa ni huruma kwa mwenye njaa wa Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Na tukifika Turkana, tuangalie kwa karibu kinachotokea baada ya gunia kupokelewa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi mgao ulikuwa nafaka, dengu au maharage, mafuta ya kupikia na chumvi. Wataalamu hupiga hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa mwili, hesabu hiyo ni sahihi. Lakini mama anayefika nyumbani na mtama huo ana hesabu nyingine. Mtama haujasagwa, na mwenye mashine anataka hela yake. Haujapikwa, na kuni anazogawiwa haziishi mwezi, kwa hiyo atanunua makaa kwa Waturkana. Sabuni imekwisha, mtoto anatakiwa daftari shuleni, na kuna mgonjwa ndani ambaye mtama haupiti kooni. Afanyeje? Anapima sehemu ya mgao na kumuuzia mchuuzi, tena siku ile ile ambayo kila jirani anauza, kwa hiyo bei iko chini kabisa. Wiki mbili tatu baadaye chungu kikiwa kitupu, anarudi kwa mchuuzi yule yule kununua, na safari hii bei imepanda. Mpita njia akiona nafaka ya msaada inauzwa sokoni husema watu hawa hawana njaa. Ukweli ni kwamba mama huyo anageuza msaada kuwa fedha kwa hasara, kazi ambayo shirika lingeweza kumwondolea tangu mwanzo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna ofisi ya Nairobi, Geneva au Roma inayoweza kujua kwamba wiki hii nyumba ile inahitaji sabuni kuliko dengu.

Mwaka 2015 WFP ilianza kulipunguza tatizo hilo kwa mpango ulioitwa Bamba Chakula. Kila kaya ilipewa laini ya simu ambayo kila mwezi iliingiziwa kiasi fulani cha fedha, lakini fedha hizo zingeweza kununua chakula tu, na kwa wafanyabiashara walioingia mkataba na shirika tu. Katika makazi mapya ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, karibu mgao wote wa chakula ulitolewa kwa njia hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioifuatilia Kalobeyei kwa miaka kadhaa waliona faida, kwani watu waliweza kuchagua vyakula na maduka yakaongezeka. Waliona pia shida iliyotokana moja kwa moja na yale masharti. Kwa kuwa mkimbizi hakuruhusiwa kununua popote, alikopa chakula kwa mwenye duka aliyesajiliwa, na mwenye duka akabaki na laini ya simu kama rehani. Mwezi ukifika, fedha ziliingia kwenye laini iliyokuwa mikononi mwa mdai. Mteja wa namna hiyo hawezi kuhamia duka jingine hata kama bei ya huko ni nafuu, na muuzaji anayejua kwamba mteja hana pa kwenda hana sababu ya kushusha bei. Masharti yaliyowekwa ili kumlinda mkimbizi yakamfunga kwa mwenye duka. Kuanzia mwaka 2019 kaya nyingi za Kalobeyei zikaanza kupokea fedha zisizo na masharti kupitia benki. Nakiri kwamba mtu akishazama kwenye deni, fedha huru peke yake haimtoi kwa siku moja. Ndiyo maana nasema uhuru wa kuchagua uwepo tangu siku ya kwanza, usingojwe kama zawadi ya baadaye.

Sasa nije kwenye pingamizi. La kwanza kusikika barazani ni kwamba ukimpa maskini fedha ataishia kwenye pombe na sigara. Hili limechunguzwa mno. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakatoa matokeo yao mwaka 2014: kwa ujumla watu waliopewa fedha hawakuongeza matumizi ya vitu hivyo, na mahali pengi waliyapunguza. Walevi wapo katika kila mji duniani, na hata gunia la mahindi lina mnunuzi mtaani kwa anayetaka kulinywa. Lakini hatuwezi kuwanyima uhuru watu elfu kwa ajili ya mmoja, hasa pale ambapo wapokeaji wengi ni akina mama wanaohesabu vijiko vya unga.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi na linastahili heshima. Ukimwaga fedha mahali penye bidhaa chache, bei itapanda, na atakayeumia ni jirani asiyepewa chochote. Jibu lenye nguvu zaidi linatoka Kenya, kaunti ya Siaya. Katika utafiti uliohusisha vijiji 653, zaidi ya kaya 10,000 maskini zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na kundi la wachumi, akiwemo Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likafuatilia bei na mapato ya walengwa pamoja na majirani zao. Kila dola iliyotolewa ilizalisha shughuli za uchumi wa eneo hilo zenye thamani ya kama dola mbili na nusu. Majirani wasiopewa kitu nao walinufaika, kwa sababu wenzao walinunua kwao. Kuhusu bei, ongezeko lilikuwa kama asilimia 0.1, dogo kiasi kwamba mnunuzi asingelihisi. Siaya haikuwa na vita wala ukame mkali, kwa hiyo sidai kwamba matokeo yale yatajirudia kila mahali. Ninachodai ni kwamba anayehofia bei apeleke watu wakaulize sokoni kabla ya kugawa na wakati wa kugawa. Asiifanye hofu hiyo kuwa sababu ya kutojaribu.

La tatu ni wizi. Fedha ni rahisi kuibwa, wanasema, gunia kila mtu analiona. Lakini katikati ya mwaka 2023 WFP na shirika la misaada la Marekani, USAID, walisimamisha msaada wa chakula Ethiopia, kwanza Tigray kisha nchi nzima, baada ya kugundua kwamba chakula kingi cha wenye njaa kilikuwa kikichepushwa. Kilichoibwa kilikuwa ngano, tena kwa wingi wa kujaza maghala, na kusimamishwa huko kuliwaumiza mamilioni ambao hawakuiba hata punje. Mwaka ule ule ikabainika kwamba nchini Somalia wenye nguvu walikuwa wakiwalazimisha wakimbizi wa ndani kuwakatia sehemu ya fedha walizopokea. Kwa hiyo fedha nazo huibwa, na anayezitetea hana budi kulisema hilo wazi. Tofauti ni kwamba fedha inayopita kwenye simu huacha alama kila inapohama, na mpokeaji anajua kwa ujumbe alioupata ni kiasi gani alistahili. Mtu anayejua haki yake kwa tarakimu ana pa kuanzia kulalamika. Lakini lazima iwepo namba ya simu ya kulalamikia, apokee mtu anayezungumza lugha yake, na mlalamikaji asipate madhara.

Kuna pingamizi la nne linalotoka kwa serikali, nalo linatuhusu moja kwa moja hapa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2016 WFP ilianza kugawa fedha badala ya chakula kwa sehemu ya wakimbizi wa Kongo na Burundi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ikausitisha mpango huo. Serikali zinazopokea wakimbizi zina hofu za msingi: usalama wa kambi, fedha kuvutia wahalifu, na mashaka kwamba mkimbizi mwenye kipato hatataka tena kurudi kwao. Tanzania imebeba mzigo wa wakimbizi tangu miaka ya sitini, na anayeilaumu akumbuke hilo kwanza. Hata hivyo nadhani uamuzi ule ulikuwa na hasara. Mrundi hakukimbia Burundi mwaka 2015 kwa kufuata shilingi za Kasulu. Alikimbia risasi, na kitakachomrudisha ni amani. Na fedha iliyokuwa ikiingia Nyarugusu haikuwa ikibaki Nyarugusu. Ilikuwa ikitafuta mihogo, dagaa, mawese na nyanya, vitu vinavyotoka kwa wakulima, wavuvi na wachuuzi wa Kigoma, watu ambao gunia lililovuka bahari haliwapi hata senti moja.

Mahali hoja yangu isipofika napo napajua. Mji wa El Fasher huko Darfur, Sudan, ulizingirwa tangu mwaka 2024 hadi ulipotekwa mwezi Oktoba 2025 na wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan. Kwa muda fulani fedha zilisaidia hata humo. Vijana wa kujitolea, wale wa makundi ya misaada ya mitaani yaitwayo vyumba vya dharura, yaliyozuka Sudan nzima baada ya vita kuanza Aprili 2023, walipokea michango kupitia programu ya simu ya Benki ya Khartoum, wakanunua nafaka iliyopatikana na kupikia watu kwenye majiko ya pamoja. Kisha njia zikazibwa kabisa. Watu wakala ambaz, makapi ya karanga yaliyokamuliwa mafuta ambayo kwa kawaida hupewa mifugo, na hata hayo yakaadimika. Soko lililonyongwa kwa makusudi halifufuki kwa kuongeza fedha. Pale kinachotakiwa ni njia kufunguliwa, na hiyo ni kazi ya wenye uwezo wa kuwabana waliozifunga. Hali kadhalika mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo mkali anahitaji chakula tiba na mhudumu wa afya. Chanjo ya surua na maji safi ya kambi nzima navyo ni kazi ya kufanywa kwa pamoja, wala hatuwezi kumwachia kila mzazi ajinunulie. Fedha ichukue nafasi ya gunia, isichukue nafasi ya zahanati.

Haya yote yamekuwa ya haraka zaidi tangu mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake na USAID kufungwa. Mgao ukapunguzwa Kakuma mpaka wakimbizi wakaandamana. Katika hali kama hiyo kuna kishawishi cha kurudi kwenye magunia na foleni, kwa kuwa chakula kilichoko ghalani huonekana machoni na mfadhili anaweza kukipiga picha. Naona ingekuwa kosa. Kidogo kilichopo kikipungua zaidi kwenye meli, maghala na malori kabla hakijamfikia mlengwa, tutakuwa tumemkata mara mbili.

Na si lazima tungoje wafadhili watuonyeshe njia. Katika kaunti kame za Kenya, zikiwemo Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kuna mpango unaosimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame ambao umekuwa ukilipa zaidi ya kaya 100,000 maskini kupitia akaunti za benki. Kaya nyingine nyingi ziliandikishwa mapema zikafunguliwa akaunti, ingawa hazilipwi kila mara. Picha za satelaiti zikionyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, nazo huingiziwa fedha, ili mfugaji anunue maji na chakula kabla hajalazimika kuuza mbuzi wa mwisho. Serikali zetu zina la kufanya sasa hivi, tena la gharama ndogo: kitambulisho cha mkimbizi kitambuliwe na kampuni za simu na benki, ili aweze kusajili laini kwa jina lake mwenyewe na kutunza namba yake ya siri mwenyewe. Bila hilo, fedha yake itaendelea kupitia kwenye simu ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine atajikatia chake kwanza.